SOMO LA MWEZI: MLEVI AKIRUDI NYUMBANI

Soma: Luka 19:1-10



Tangu stesheni ya Kilosa hata Mikumi, ambako malori hupita usiku na mchana, hakuna mtaa usiomjua mtu aliyefungwa na pombe, gongo au bangi. Twamwombea kanisani. Lakini siku akiacha, je, tumemwandalia mahali pa kurudi?

1. Yesu aliingia nyumbani kwake. Hakungoja Zakayo atengeneze mambo yake kwanza. Alimwita kwa jina, akaenda kwake, na watu wakanung'unika. Nasi hunung'unika mlevi wa jana anapoketi benchi moja nasi. Tujihadhari, manung'uniko yetu yaweza kumrudisha kilabuni, ambako hukaribishwa daima.

2. Zakayo alirudisha. Toba yake ilionekana mfukoni. Ndugu wa Uamsho, ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walilishika jambo hili: walitubu mbele ya wenzao, wakarudisha vya wizi, wakawaomba radhi waliowakosea. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wote wawili, walianza chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Padre Samuel Shoemaker wa Kanisa la Episkopali, ambalo ni ndugu yetu katika Uanglikana, alimfundisha Wilson mengi. Nao huungama makosa kwa mwenzao, na kuwafidia waliowaumiza. Mlevi haponi akiwa peke yake.

3. Tabibu naye ametumwa na Mungu. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafla, aweza kutetemeka, kuweweseka, kupatwa na degedege, hata kufa. Asifungiwe chumbani kwa maombi tu. Apelekwe hospitali, nasi tumwombee huko. Kwa waliofungwa na heroini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011. Anayeinywa asiambiwe kwamba imani yake ni haba.

4. Nyumba nzima hurejeshwa. Yesu alisema wokovu umefika katika nyumba ile, si kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo tumtazame mke aliyepigwa miaka mingi. Kusamehe si kuficha kipigo, wala asilazimishwe kurudiana kabla hajaona matunda ya toba. Tumtazame pia mama anayepika gongo ili watoto wapate daftari. Naye ni wa kwetu. Tukimkemea bila kumsaidia mtaji mdogo wa maandazi au mboga, tumemwongezea mzigo.

Tuanze na madogo. Wazee wawili wamtembelee ndugu yetu saa ile ya jioni aliyozoea kwenda kilabuni. Apewe kazi shambani. Sherehe zetu za ubatizo na harusi zisiwe mtego kwake. Akianguka tena, tumfuate tena.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Ni nani mtaani kwetu ameacha pombe, na nani kati yetu amekwenda kwake?
(b) Umoja wa Akina Mama waweza kumsaidia vipi mama anayepika gongo?
(c) Mimi mwenyewe ninadaiwa nini, na sijakirudisha?

Tuombe: Ee Bwana, uliyeingia kwa Zakayo, ingia na kwetu, utuondolee manung'uniko, utupe miguu ya kuwaendea waliofungwa. Amina.