Vazi la Mwenye Kutafuta Kazi



Yako maneno mawili yasemwayo sana katika baraza zetu, na yote mawili twaona yawadhuru vijana wetu. La kwanza ni la wale wasemao kuwa mwenye elimu hana haja ya kujitengeneza, kwani chema chajiuza, kibaya chajitembeza. La pili ni la wale wasemao kuwa Mwislamu hapati kazi katika afisi za leo illa avue kofia yake, na msichana afunue kichwa chake. Tumeyazungumza haya katika darsa yetu, na leo twapenda kuyaeleza. Kwani kijana aendaye kuhojiwa kwa ajili ya kazi haendi peke yake. Huchukua matumaini ya nyumba nzima: mama, wadogo zake, na kodi ya mwisho wa mwezi.

Tuanze na neno la kwanza. Dini yetu haikuufanya uchafu kuwa alama ya uchaji. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, wanaadamu wameamrishwa kushika mapambo yao waendapo mahali pa ibada, na papo hapo wakakatazwa israfu. Na katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud, Mtume (s.a.w.) alipoikemea kibri, mtu mmoja aliuliza juu ya yule apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Jibu alilopewa lilibainisha kuwa uzuri wapendwa na Mwenyezi Mungu, na kuwa kibri ni jambo jingine kabisa, nayo ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Ama kujieleza, tumtazame Nabii Yusuf (a.s.). Alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri hakunyamaza akingoja sifa zake zijulikane zenyewe. Kama ilivyo katika Surat Yusuf, aya ya 55, aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sababu mbili: kuwa yeye ni mtunzaji na ni mjuzi. Basi kuisema kweli juu ya ujuzi wako mbele ya mwenye kuuhitaji si majivuno. Majivuno ni kusema usichonacho.

Sasa twende katika mambo ya kutenda.

Kwanza, ijue kazi kabla ya kuijua nguo. Aendaye kuomba ukarani katika benki au katika afisi ya meli, vazi lake ni shati la mikono mirefu, suruali iliyopigwa pasi na viatu vilivyofunikwa. Na tai akiwa nayo. Fundi wa magari hahitaji tai, lakini ahitaji shati safi na viatu imara. Mwalimu aendaye kuomba kazi ya madrasa, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ndiyo heshima yake. Vazi moja halifai pote.

Pili, unadhifu si utajiri. Katika mitumba ya Kongowea hupatikana shati zuri kwa bei nafuu, na fundi cherehani akalipunguza likaenea. Nguo moja yako mwenyewe, iliyofuliwa na kukaa sawa mwilini, ni bora kuliko suti ya kuazima yenye mabega mapana, ambayo mwenyewe ashughulika nayo hata asisikie analoulizwa.

Tatu, tusisahau joto letu. Mombasa yatoa jasho, na avukaye feri ya Likoni kisha akapanda matatu aweza kufika afisini shati limemganda mgongoni. Dawa yake ni kutoka mapema, kufika nusu saa kabla ya wakati, kukaa kivulini, kujifuta uso kwa leso, kisha kuingia. Anayefika akihema amekwisha kujieleza kabla hajafungua kinywa.

Nne, kinywa na harufu. Tambuu huacha wekundu katika meno, na miraa na sigara huacha alama na harufu. Vilevile udi na uturi mwingi, ambao arusini ni raha, katika chumba kidogo kilichofungwa madirisha huwa ni adha kwa wengine. Mtume (s.a.w.) alimwambia aliyekula kitunguu saumu kibichi akae mbali na msikiti, ili watu wasiudhike, basi na katika majengo ya watu tuchunge adabu hiyo.

Tano, karatasi. Vyeti, kitambulisho na barua viwekwe katika jalada kwa taratibu, visikunjwe mfukoni. Simu izimwe mlangoni. Na kabla ya siku hiyo mtu ajue ile afisi yafanya kazi gani, maana hilo huulizwa mara nyingi.

Sasa turudi kwa neno la pili, la kofia na ushungi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, yakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na mavazi pia yametajwa kwa jina lake. Ibara ya 32 yasema kuwa mtu hawezi kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Basi binti yetu asidhani kuwa ushungi wake ni hisani aliyoombewa. Auvae uwe safi, uliofungwa vizuri kwa pini usimteleze kila mara, aketi kwa utulivu, amtazame na kumjibu aulizaye. Na asiyependa kupeana mkono na asiye maharimu wake, aweke mkono kifuani, aseme neno jema la salamu kwa uso mkunjufu. Asigeuze uso kama mwenye kuchukizwa, kwani huko si kushika dini bali ni kumfedhehesha mwenyeji.

Lakini tupambanue. Ikiwa kazi ni karibu na mitambo, au ni ya kupika kwa wingi, mwajiri akitaka nguo zisizoning'inia na ushungi uliotiwa ndani ya shati, hilo ni kulinda maisha na afya, si kuipiga vita dini. Na mambo ya nafasi ya sala ya adhuhuri na Ijumaa yaulizwe kwa adabu wakati wa kuzungumza saa za kazi, yasiwe ndiyo salamu ya kwanza.

Hatusemi kuwa ubaguzi haupo. Upo, na mwenye kuonewa ana haki ya kushitaki. Lakini twaogopa kuwa wengi wetu tumeufanya ubaguzi kuwa pazia la kufunikia upungufu wetu. Alitujia kijana mmoja, hakufaulu mara tatu, akasema: "Ni kwa sababu ya kofia yangu." Tukamwuliza alifika saa ngapi. Akanyamaza. Tukamwuliza ile afisi yafanya nini. Akasema hakuwahi kuuliza. Tukakaa naye jioni mbili, mmoja wetu akijifanya mwenye kuhoji. Mara ya nne alikwenda na kofia yake ile ile, mapema, akiwa nadhifu. Kazi hakuipata vilevile. Lakini mara hii alirudi akiijua sababu: walimtaka mtu awezaye kuweka hesabu kwa kompyuta, naye hajui. Hivi sasa asoma. Twaona huo ni ushindi, kwa kuwa aliyeujua ugonjwa wake ameikaribia dawa yake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa uchunguzi wake umegundua vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 katika afisi za serikali. Katika Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfananisha ajionyeshaye kuwa na asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Tazameni, ndugu, ubaya wa vazi hilo! Suti ikiwa ya thamani namna gani, juu ya cheti cha kughushi ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tena mshahara wake waliwa na watoto kila mwezi.

Yule binti aliyemwambia baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.), katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, alitaja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Hakutaja nguo, kwa kuwa Musa alikuwa mgeni mkimbizi aliyetoka safari ndefu. Basi nguo safi na ifungue mlango, lakini kinachomweka mtu ndani ni uwezo na amana. Wazazi na wafunueni watoto wenu macho kwa yote mawili, na wenye kazi kati yetu wawape vijana jioni moja ya kuwafundisha. Hilo halina gharama, na ujira wake uko kwa Mola.

Wabillahi ttawfiq.