UKARABATI WA BOTI YA FAIBA NYUMBANI: UKAVU KWANZA, RANGI BAADAYE

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, wamezoea kutengeneza wenyewe mitumbwi yao ya mti. Boti ya faiba nayo yaweza kukarabatiwa nyumbani, ila maradhi yake ni mengine. Haiozi wala hailiwi na mchwa. Hunywa maji polepole. Maji hupenya tabaka la nje, huyeyusha chembe za rezini zisizoganda na kuinua malengelenge. Hali hiyo huenda kasi zaidi katika maji yasiyo na chumvi, hasa yenye uvuguvugu kama ya ziwa hili.

1. Ukaguzi
Boti ipinduliwe juu ya magogo, ioshwe, kisha igongwegongwe kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu ni dalili ya uzima. Mlio mzito huonyesha kuwa matabaka yameachana. Lengelenge litobolewe, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Likitoa majimaji yenye harufu ya siki, maji yamekwisha kuingia.

2. Ukaushaji
Malengelenge yote yafunguliwe kwa msasa na kuoshwa kwa maji safi mara kadhaa. Boti iachwe ikauke kwa wiki nyingi, hasa wakati wa kiangazi. Ili kupima, kipande cha nailoni angavu kibandikwe ubavuni, kingo zote zikizibwa kwa utepe. Baada ya siku moja juani, umande ukionekana ndani yake, kazi ya rangi isubiri.

3. Uzibaji
Ufa usizibwe juujuu. Kingo zake zisagwe kwa mteremko wenye upana mara 12 ya unene wa ubavu: milimita 5 za unene zahitaji milimita 60. Vitambaa vya faiba vilivyoloweshwa rezini vipangwe tabaka kwa tabaka. Kigandishi na kiharakishi cha rezini visichanganywe vyenyewe kwa vyenyewe, kwani vyaweza kulipuka. Msagaji avae barakoa.

4. Upakaji rangi
Rangi za sumu zilitengenezwa hasa kuzuia viumbe vya baharini vinavyoganda kwenye vyombo. Zile zenye madini ya bati zilipigwa marufuku kimataifa mwaka 2008. Ziwani rangi ya kawaida ya boti yatosha, kwa kuwa maji hayo hayo hunywewa na wananchi. Vumbi la msasa na makopo yasitupwe ziwani.

Rangi iliyopakwa juu ya unyevu hupendeza kwa muda mfupi tu, nayo huficha ubavu dhaifu hadi siku ya mawimbi ya kusi. Mwenye boti ya abiria anakumbushwa kuipeleka ikakaguliwe na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kabla ya kuirudisha kazini.