Magofu ya Nyumba za Sala

Somo letu la mwezi huu linatupeleka mbali, hata Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kwanza fungua Biblia yako usome Marko 13:1-2, mahali mmoja wa wanafunzi alipoyastaajabia mawe ya Hekalu. Kisha tuanze safari.

Nchi ile ni ya kijani, yenye vilima na mabonde. Sehemu za vilimani mashamba yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, na ndani yake kondoo wanakula majani. Karibu na mji wa Ripon njia inateremka bondeni, kwenye mto mdogo uitwao Skell. Hapo mgeni huona kanisa kubwa lisilo na paa. Nguzo zimesimama, madirisha hayana vioo, na sakafu ni majani matupu. Ndiyo magofu ya Fountains.

Mwaka 1132 watawa 13 waliondoka katika nyumba yao mjini York, kwa sababu waliona maisha ya humo yamelegea. Askofu Mkuu Thurstan akawapa ardhi katika bonde hili, nalo lilikuwa pori. Walianza katika baridi kali, bila nyumba ya maana. Baadaye wakajiunga na Wasistersia, watawa waliopenda upweke, kazi ya mikono na maisha ya kiasi.

Lakini kazi ya mikono huleta mali. Pamoja na watawa walikuwako ndugu wa kazi, waliochunga kondoo na kulima. Sufu yao ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Italia. Katika karne ya 13 walifika hata kuuza sufu ya miaka ijayo kabla kondoo hawajakatwa manyoya, kama mtu auzaye mahindi yangali machanga shambani. Wakaingia katika madeni makubwa. Waliokimbia anasa wakajikuta wamefungwa na biashara. Karibu na mwaka 1500 abati Marmaduke Huby alijenga mnara wa karibu mita 50. Ungali umesimama hata leo, ila watawa hawakukaa nao muda mrefu.

Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa zote, takriban 800. Sisi Waanglikana tuseme kweli hapa. Kulikuwa na mambo ya kutengenezwa, lakini mfalme alitaka pia ardhi na fedha. Watu wa kaskazini waliinuka mwaka 1536 kupinga, na wengi wa viongozi wao wakauawa. Fountains ilifungwa mwaka 1539.

Sasa twende Rievaulx, katika bonde la mto Rye. Hapa alikuwa abati Mtakatifu Aelred, tangu 1147 hata alipofariki mwaka 1167. Aliandika kitabu juu ya urafiki katika Kristo. Rievaulx ilifungwa mwaka 1538. Risasi ya paa iliyeyushwa ikafanywa vipande vizito, vikapigwa alama ya mfalme. Vingine vilifunikwa na kifusi, vikakaa humo karibu miaka 400. Vilipofukuliwa katika karne ya 20, risasi ile ilitumika kushikia vioo vya dirisha kubwa la Kanisa Kuu la York. Kilichochukuliwa kwa ajili ya hazina ya mfalme kikarudi katika nyumba ya Mungu.

Tena, kuna jambo lililo karibu nasi zaidi. Watawa wale walisali mara nyingi kila siku, tangu usiku wa manane hata jua kutua. Askofu Mkuu Cranmer alipotengeneza Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, alizikusanya saa zile za sala akazifanya mbili, Sala za Asubuhi na Sala za Jioni, ili watu wote wazisali, si watawa peke yao. Basi, kengele ya kanisa letu ikilia jioni, na watu wachache wakaja na vitabu vyao, wanaendeleza kazi iliyofanywa Fountains. Paa la kule lilianguka, lakini sala haikuanguka.

Hii haina maana kwamba tusijenge. Mvua ikinyesha, Wakristo wanahitaji mabati juu yao. Lakini tunapochanga kwa ajili ya jengo, tujiulize pia ni wangapi waliokuja kusali Jumatano iliyopita.

Maswali ya kujadiliana:
1. Watawa 13 walikimbia nini, na kwa njia gani jambo lile lile liliwarudia?
2. Je, katika mtaa wetu kuna kazi njema iliyoanza kwa sala, na sasa ni biashara tu?
3. Kama jengo letu lingeanguka kesho, ni kitu gani cha Kanisa kingebaki kijijini?