SOMO LA VIKUNDI: MWENYE GHOROFA NI NANI?



Wengi wetu hapa Nakuru tumelelewa kwenye ploti. Unajua ploti ilivyo: vyumba kumi au kumi na viwili vinavyotazamana, katikati uwanja wa kuanika nguo, mfereji mmoja, na vyoo viwili upande wa nyuma. Mfereji ukikauka au choo kikijaa, swali la kwanza ni, "Landilodi ameambiwa?" Landilodi asipokuja tunanung'unika pamoja, na hata huko kunung'unika ni sehemu ya ujirani.

Siku hizi watu wanahamia juu. Pale Bondeni kumejengwa nyumba 605 za mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Ukitembea Section 58 au Milimani utaona magorofa ambayo kila nyumba inauzwa peke yake. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021, bei ya ardhi imekuwa ndiyo hadithi ya kila mkutano. Vikundi vya akiba na vyama vya ushirika vilivyozoea kununua ekari moja na kuigawa vipande vya hamsini kwa mia sasa vinauliza: mbona tusichange tujenge ghorofa moja, kila mwanachama apate nyumba yake?

Ni swali zuri. Lakini kabla ya kikundi chenu kutoa hata shilingi moja, someni somo hili pamoja, kwa maana kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Ukinunua nyumba ghorofani, hakuna landilodi wa kupigiwa simu. Landilodi ni wewe na majirani zako, mkiwemo wale msiosalimiana.

Karatasi unayopewa

Tuanze na karatasi, kwa sababu watu wa Nakuru wanajua uchungu wake. Wazee wetu wakumbuke miaka ya 1970, wakati makampuni ya kununua mashamba yalipokusanya hisa za watu wadogo ili kununua mashamba makubwa ya walowezi. Wengi walipata ardhi, na watoto wao wamekua juu yake. Wengine walibaki na cheti cha hisa sandukuni, bila kujua kipande chao kiko wapi. Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi iliamuru makampuni hayo yagawe ardhi na kuwapa watu hati zao, lakini malalamiko yaliendelea miaka mingi baada ya hapo. Cheti cha hisa si hati ya ardhi. Somo hilo tulilipia karo kubwa.

Kwa ghorofa, karatasi ni za namna mbili, na ni lazima mjue yenu ni ipi.

Namna ya kwanza ni ushirika kamili. Jengo lote ni mali ya chama, wewe una hisa, na hisa zako zinakupa haki ya kukaa katika nyumba namba fulani. Huko New York watu wengi huishi hivyo. Katika vyama vya ushirika vya Kenya, mwanachama mmoja ana kura moja, awe na nyumba kubwa au ndogo. Ukitaka kuhama, unauza hisa zako kwa kufuata kanuni za chama, na mara nyingi chama kina neno kuhusu nani ataingia.

Namna ya pili ndiyo inayoenea Kenya. Kila nyumba ina hati yake, hata iwe ghorofa ya tano hewani. Hii inatokana na Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Jengo linachorwa ramani, kila nyumba inapimwa, na kila mwenye nyumba anapata hati pamoja na fungu lake katika mali ya pamoja: ngazi, paa, kuta za nje, uwanja, matangi, mabomba makubwa. Ramani ikishasajiliwa, wenye nyumba wote wanakuwa shirika moja kisheria. Si ombi. Hukuulizwa kama unataka kujiunga. Shirika hilo lina kazi ya kutunza mali ya pamoja, kukata bima ya jengo na kutoza michango kwa kadiri ya fungu la kila mmoja.

Chama cha ushirika kinaweza kujenga halafu kikawapa wanachama hati za namna hii ya pili. Ushirika unakuwa kama mkunga: unasaidia mtoto kuzaliwa, kisha malezi ni ya wazazi. Muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika wa nyumba, NACHU, umekuwepo tangu 1979, na kikundi kinachoanza kinaweza kuomba ushauri huko kabla ya kumwendea muuzaji yeyote. Ulizeni mapema ardhi yenyewe ni ya hati ya namna gani. Kama ni ya kukodishwa na serikali, sheria inataka iwe imebakisha miaka isiyopungua 21. Na ukiambiwa "hati zitakuja baadaye", kumbuka lile sanduku la babu.

Maisha ya ngazi

Mimi niliishi ghorofa ya nne kwa miaka mitatu, katika jengo ambalo sitalitaja. Majengo mengi ya kimo hicho hayana lifti. Mtungi wa gesi unapanda mgongoni. Mama akirudi kutoka soko la Wakulima na gunia dogo la viazi, anapumzika mara mbili njiani, na hapo kwenye kona ya ngazi ndipo nilipofahamiana na majirani wangu wote. Kwa kijana ngazi ni mazoezi. Kwa shosho mwenye magoti mabovu ni jela. Tulikuwa na mmoja aliyeshuka Jumapili peke yake, na wajukuu walimshika mikono pande zote mbili.

Kisha kuna msiba. Katika ploti, mtu akifiwa, viti vinatolewa uwanjani na watu wanakuja kila jioni. Ghorofani watakaa wapi? Siku jirani yetu wa ghorofa ya tatu alipofiwa, watu sitini walisimama kwenye ngazi na uwanja ulikuwa umejaa magari. Baadaye tulikubaliana sehemu ya kuegesha magari itolewe siku za matanga. Jambo dogo, lakini lilichukua mikutano minne, na mzee mmoja mwenye gari hakukubali mpaka siku alipofiwa yeye.

Kelele nazo. Anayetwanga juu anatwanga kichwani mwa aliye chini. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Sakafu yako ni dari ya mwenzako. Mama wa ghorofa ya tano alikuwa akitwanga saa kumi na moja asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mwalimu aliyekuwa chini yake alipanda akagonga mlango.

"Mama, shikamoo. Naomba tuongee kidogo juu ya kinu."

"Marahaba, mwalimu. Kwani kinu changu kimefanya nini?"

"Kinaniamsha mimi na mtoto mchanga."

"Na wewe, mwalimu, redio yako ya usiku je?"

Wakacheka. Kinu kikahamia chini nyuma ya tangi, redio ikapunguzwa. Wangesubiri kamati wangechukiana mwaka mzima.

Maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo magorofa mengi ya Nakuru yanapoanguka kabla ya kuanguka.

Maji ya kampuni yanakuja kwa zamu. Yanaingia tangi la chini, pampu inayasukuma hadi tangi la juu, kisha yanashuka nyumbani. Pampu ikiharibika, walio juu wanakauka kwanza. Walio chini wanachota mferejini na hawaoni haraka ya kuchanga fundi. Kaeni na jambo hilo: shida moja, jengo moja, lakini maumivu hayalingani. Ndiyo maana fedha za pampu hazifai kuchangishwa siku inapoungua. Ziwe zimeshakaa benki.

Wengine wanasema, tuongeze tangi lingine juu ya paa. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani kumi. Mchoraji wa jengo alihesabu tangi hilo? Hakuna fundi wa mabomba anayeweza kujibu swali hilo. Ni mhandisi.

Wengine wanasema, tuchimbe kisima chetu kirefu. Katika Bonde la Ufa, maji mengi ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi, ile inayoyapa meno ya watoto rangi ya kahawia na ikizidi sana inadhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki. Kuna vichujio vya makaa ya mifupa vinavyoipunguza, lakini navyo vinahitaji kubadilishwa kwa wakati, na hilo ni jina lingine la mchango wa kila mwezi. Pimeni maji kabla ya kulipia mashine ya kuchimba. Kisima kinaweza kufaa kwa kufua na choo, na maji ya kunywa yakatoka kwingine.

Hesabu ya mfano

Tuseme jengo lina nyumba 20 zilizo sawa. Kwa mwezi: walinzi wawili 30,000, mfagiaji 10,000, stima ya pampu na ngazi 12,000, takataka 4,000, bima 6,000. Jumla ni shilingi 62,000, yaani 3,100 kwa kila nyumba. Ongeza 900 za akiba ya matengenezo makubwa. Kila nyumba italipa 4,000, na akiba itakua kwa 18,000 kila mwezi, 216,000 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano mna 1,080,000 kabla ya faida ya benki. Hapo paa likivuja hampigani.

Sasa nyumba sita zisilipe. Badala ya 80,000 zinaingia 56,000. Akiba yote ya mwezi imekwenda na bado zinakosekana 6,000 za matumizi ya kawaida. Mlinzi mmoja anaachishwa. Taa za ngazi zinazimwa. Kisha wale waliokuwa wakilipa wanasema, "Mbona mimi nilipe giza?" Mwezi unaofuata ni nyumba tisa. Sijaona jengo lililoharibiwa na mvua upesi kama hivyo.

Huko New York, mtaani Bronx, kuna ushirika mkubwa uitwao Co-op City, wenye nyumba zaidi ya 15,000. Mwaka 1975 waliokaa humo walikataa nyongeza kubwa ya malipo, na mgomo wao ulidumu zaidi ya mwaka mzima. Lakini hawakutia fedha mifukoni. Kamati yao ilikusanya malipo ya kila nyumba na kuyaficha mbali na mamlaka, na mwaka 1976 walipopatana, waliokaa wakapata usemi katika uongozi wa jengo. Tofauti ya mgomo na uzembe iko hapo.

Kwa hiyo atakayeshika fedha ni nani? Wahusika wasiwe watu wa mlango mmoja. Mweka hazina asiwe ndugu ya mwenyekiti. Karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ngazi kila mwezi, pahali kila mtu anapita, pamoja na orodha ya nyumba zisizolipa kwa namba, si kwa majina. Mtu mwenye shida ya kweli, aliyefutwa kazi au mwenye mgonjwa, aje kwa kamati mapema apewe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Aliye nacho na hataki, shirika lina haki ya kumdai kisheria, na nafikiri kuogopa kumdai kwa sababu tunasali pamoja ni kuwatwika wengine mzigo wake.

Kuta na ardhi

Neno la mwisho ni kwa wale wanaopenda kupanua sebule. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga bonde la Subukia, karibu na sisi hapa, na likapasua ardhi. Tunakaa kwenye Bonde la Ufa, si juu ya mwamba mmoja mzima. Na Aprili 2016 kule Huruma, Nairobi, ghorofa lililojengwa kando ya mto lilianguka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 40. Ukuta unaouona kuwa wako unaweza kuwa umebeba nyumba nne zilizo juu yako. Ndani ya hati yako rangi ni yako, kabati ni yako. Nguzo si yako peke yako.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao: wanachama wawili waende wakatembelee ghorofa lolote lenye umri wa miaka kumi na zaidi, waombe ruhusa, wapande mpaka juu. Watazame paa, tangi, na mahali mabomba yanapopita. Waulize keateka pampu ilibadilishwa lini na nani alilipa. Wamuulize mkaaji wa ghorofa ya juu kabisa, na wa chini kabisa, swali moja lile lile: maji yakikatika, unampigia nani? Waandike majibu yote mawili na kuyaleta.