Siri ni Yako, Si ya Mtafiti

Mwanamume anayekubali kujaribiwa dawa ya nguvu za kiume huwa amezunguka sana kabla ya kufika kliniki. Wengi huanzia kwa muuza mitishamba, wakapitia duka la dawa lililo mbali na mtaa wao, na wakati wote huo hawajamwambia mtu. Akipata daktari mpole, chumba chenye mlango unaofungika na vidonge vya bure, huona amefanyiwa hisani, na aliyefanyiwa hisani haoni vyema kuuliza maswali. Hapo ndipo haki zake zinapoanza kuponyoka. Sheria za Kenya zinamlinda vizuri mtu anayeshiriki utafiti wa dawa, ila ulinzi huo hauamki mpaka mshiriki aulize, na aibu humfunga mdomo. Usiri wa majaribio haya umewekwa kwa faida yake yeye. Mtafiti akiutumia kumzuia asiulize, asionyeshe fomu yake kwa mtu mwingine au asilalamike, basi ameuchukua usio wake.

Wapo watakaosema jambo hili limekuzwa, kwamba dawa za aina hii zimeshazoeleka na madhara yake ni kuumwa kichwa kidogo tu. Ni kweli kwamba sildenafil, inayofahamika zaidi kwa jina la Viagra, iliidhinishwa Marekani tangu Machi 1998. Lakini dawa iliyozoeleka kwa kazi moja haiwi salama kwa kila kazi. Nchini Uholanzi, Julai 2018, watafiti walisimamisha jaribio ambamo sildenafil hiyo hiyo ilipewa wajawazito ambao watoto wao hawakuwa wakikua vyema tumboni; watoto kadhaa walizaliwa na matatizo ya mapafu na 11 kati yao walifariki. Kwa wanaume hatari inayojulikana zaidi ni kuichanganya na dawa za moyo za jamii ya nitrati, kama zile zinazowekwa chini ya ulimi kutuliza maumivu ya kifua: presha inaweza kushuka ghafla hadi kuua. Kwa hiyo anayeficha kwamba anatumia dawa ya moyo kwa kuogopa kukataliwa anahatarisha maisha yake, na mtafiti asiyemuuliza waziwazi kuhusu dawa hizo amekiuka wajibu wake. Ikiwa inayojaribiwa ni dawa mpya kabisa, hata orodha ya hatari haijakamilika. Ndiyo sababu inajaribiwa.

Swali la kwanza basi ni nani ameruhusu jaribio hili. Nchini Kenya jaribio la dawa kwa binadamu linahitaji kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), leseni ya utafiti kutoka tume hiyo, na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Una haki ya kuuliza namba za vibali hivyo na kuzithibitisha kwa waliovitoa. Mwenye vibali hatakasirika. Anayekwambia ulipie dawa ya majaribio, au ujaribu chupa yake kisha umletee ushuhuda wa kutangazia biashara, hafanyi utafiti hata akivaa koti jeupe.

Hata hivyo kibali pekee hakitoshi bila ridhaa ya mshiriki, na Afrika inalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wapatao 200, nusu wakipewa dawa hiyo na nusu wakipewa nyingine. Watoto 11 walifariki. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa huo ulikuwa utafiti. Kampuni ilikana kufanya kosa, ikasema dawa yake iliokoa maisha, lakini mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na Jimbo la Kano. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya New York ilikubali kwamba kumfanyia mtu majaribio ya kitabibu bila ridhaa yake ni kuvunja kanuni ya sheria ya kimataifa, na ikaruhusu madai ya familia hizo yaendelee. (Kampuni hiyo ndiyo iliyoileta sokoni Viagra; mtengenezaji wa dawa nzuri hapati msamaha wa kueleza.)

Ridhaa maana yake umeelewa ndipo ukakubali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mtu aelezwe hali yake, faida, hatari na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye na upande. Hapa watafiti huwa na pingamizi la haki: jaribio zuri lina siri ndani yake, kwa kuwa baadhi ya washiriki hupewa kidonge kisicho na dawa, na mshiriki akijua amepewa kipi matokeo yanaharibika. Katika tatizo la nguvu za kiume pingamizi hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu matumaini peke yake hufanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba, katika majuma manne ya mwisho, waliotumia sildenafil walifanikiwa katika asilimia 69 ya majaribio ya kujamiiana, na waliomeza kidonge kitupu walifanikiwa katika asilimia 22. Lakini kinachofichwa kihalali ni kidonge ulichopewa wewe. Kwamba kidonge kitupu kipo, na nafasi yako ya kukipata ni kiasi gani, lazima uambiwe kabla ya kutia sahihi. Dharura ikitokea, daktari lazima aweze kufungua siri hiyo ili kijulikane ulichomeza. Omba namba ya simu inayopokewa usiku. Na fomu ikiwa na sentensi inayosema hutadai chochote hata ukidhurika kwa uzembe, usiitie sahihi. Kanuni za kimataifa za majaribio ya dawa haziruhusu sentensi kama hiyo.

Penye mambo mengi zaidi ni kwenye taarifa zako. Jaribio la aina hii haliishii kwenye kupima damu. Utajibu hojaji yenye maswali 15 inayotumika duniani kote, juu ya hamu, kusimama na kuridhika, na huenda ukapewa shajara ya kuandika kila tendo la ndoa na lilivyokwenda. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mambo yako na ya familia yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu afya, hali ya ndoa na hata jina la mwenzi wako kuwa taarifa nyeti. Inampa anayezikusanya mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia. Si kazi yako kuthibitisha kwamba hukuridhia. Na taarifa nyeti hazipelekwi nje ya nchi kuchakatwa bila ridhaa yako na ulinzi unaofaa, jambo kubwa pale mdhamini anapokuwa Ulaya au Marekani.

Je, mke ana sauti? Mtu mzima hahitaji ruhusa ya mwenzi wake ili ashiriki utafiti, na mtafiti hana ruhusa ya kumpigia mkeo simu akamweleza. Lakini ile shajara inamhusu yeye pia. Akitakiwa kujaza hojaji, anastahili fomu yake mwenyewe na haki yake ya kukataa. Tena kuna dawa mpya ambazo athari zake kwa mimba hazijulikani, na watafiti huwataka washiriki watumie kinga. Hapo siri ya mume imegusa mwili wa mtu mwingine, na kwa maoni yangu mwanamume asiyeweza kumwambia mkewe sababu ya kinga hiyo asijiunge.

Hofu ya mwisho ni kwamba ukishatia sahihi umejifunga. Hujafungwa. Unaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma yako ya kawaida katika hospitali hiyo isipunguzwe kwa ajili hiyo. Nauli uliyorudishiwa haikugeuzi kibarua. Taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa halali huenda zikabaki, nawe uelezwe hilo mwanzoni. Hata aliyepimwa asipokelewe kwenye jaribio ana haki ya majibu ya vipimo vyake, na asiyachukulie kama karatasi za bure: kukosa nguvu kunaweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ugonjwa wa moyo, na huenda kipimo cha sukari kikawa na thamani kuliko kidonge chenyewe.

Ukidhurika, Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia linataka upate matibabu na fidia, na Bodi ya Dawa na Sumu hudai uthibitisho wa bima ya washiriki kabla ya kutoa idhini. Malalamiko juu ya mwenendo wa jaribio yapeleke kwa kamati ya maadili ambayo jina lake limo kwenye fomu, na kwa Bodi. Taarifa zako zikivuja, nenda kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Kote huko utaulizwa nakala ya fomu uliyotia sahihi. Iombe siku ileile, kabla hujameza kidonge cha kwanza, na kama huwezi kuiweka nyumbani, mwachie wakili au rafiki unayemwamini.