Walinizibia mishipa ya kizazi: nitazaa tena?

SWALI: Nina miaka 27, naishi Morogoro. Miezi minne iliyopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, nikatokwa na damu nyingi hadi nikapewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Huko walipitisha mrija mdogo kwenye kinena, wakaziba mishipa ya damu ya kizazi, damu ikakatika. Sasa mama mkwe anasema kizazi kimeshafungwa, mume wangu asitegemee mtoto mwingine. Hedhi nayo haijarudi. Je, ni kweli? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa mwana. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba si kweli. Kizazi chako kipo, na wanawake wengi waliopata tiba hii wameshika mimba tena na kujifungua salama.

Anayefunga uzazi hufungwa mirija inayopitisha mayai. Yako haikuguswa. Kilichozibwa ni ateri zinazopeleka damu kwenye mji wa mimba, moja kulia na nyingine kushoto. Daktari huufuatilia ule mrija mdogo uliopitishwa kwenye kinena kwenye kioo cha eksirei huku akiingiza dawa inayoonyesha njia za damu, kisha anasukuma vipande vidogo vya kuziba. Kwa mama aliyetoka kujifungua, mara nyingi ni sponji ya jelatini, ambayo huyeyuka yenyewe baada ya wiki chache na damu ikapita tena. Wakati huo wote kizazi hupata damu kupitia vijishipa vingine, vikiwemo vinavyotoka upande wa ovari. Usijilinganishe na mwanamke aliyezibiwa mishipa kwa ajili ya fibroidi. Huko hutumika chembe zisizoyeyuka, na maelezo yake ni mengine.

Tiba hii si ya majaribio. Iliripotiwa mara ya kwanza kwa mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua mwaka 1979, na hukatisha damu kwa takriban wanawake 9 kati ya 10. Kwetu imechelewa kwa sababu inataka mashine ya gharama na mtaalamu wa tiba radiolojia, na bado iko katika hospitali chache mno. Ulibahatika kufika. Wengine, damu inapogoma kukatika, huokolewa kwa kutolewa kizazi.

Sasa hedhi. Kama unanyonyesha usiku na mchana, kutoona hedhi mwezi wa nne ni jambo la kawaida. Ninachotaka kujua ni hiki: maziwa yalitoka? Mama aliyepoteza damu nyingi mno anaweza kuathirika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, mwili unachoka na kuhisi baridi kila wakati. Hali hiyo ni nadra lakini ina dawa, na hugunduliwa kwa vipimo vya homoni. Jambo la pili ni makovu ndani ya kizazi, hasa kama ulisafishwa kizazi siku ile. Dalili zake ni hedhi kuwa matone tu, au tumbo kuuma kila mwezi bila damu kutoka. Ukiona hivyo, nenda kwa daktari wa wanawake akuchunguze kwa kamera ndogo. Makovu mengi yanaweza kukatwa kwa kamera hiyohiyo.

Usikimbilie mimba ili kumjibu mama mkwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua, na wewe una damu ya kurudisha. Chagua njia ya uzazi wa mpango sasa, kwani mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona hedhi. Mimba ijayo ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko tiba yenyewe: aliyetokwa na damu mara moja yuko kwenye hatari ya kutokwa tena, na kondo la nyuma linaweza kujishikiza ndani mno ya nyama ya kizazi. Kwa hiyo anza kliniki mapema, pima wingi wa damu, fanya ultrasaundi ya kuangalia kondo kati ya wiki ya 18 na 22, na ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na benki ya damu. Zahanati ya jirani, hata iwe na mkunga hodari kiasi gani, haikutoshi tena.

Rudi hospitali uliyotibiwa uombe muhtasari wa matibabu unaoonyesha mishipa ipi ilizibwa, kwa kitu gani, na uliongezewa chupa ngapi za damu. Uhifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na siku ya kuzungumza na daktari nenda na mumeo, asikie mwenyewe.