Insha ya Mtoto Aliyefiwa

Mwalimu wa darasa la tano huko Isevya, Tabora, atoapo insha ya "Mtu Nimpendaye", hana budi kukumbuka kuwa huenda darasani yumo mtoto aliyefiwa. Amwongozeje bila ya kumtonesha kidonda?

Shaaban Robert (1909–1962) ametuachia mfano. Alipofiwa na mkewe, alimlilia katika shairi la "Amina". Wanawe nao aliwatungia tenzi za wosia: "Hati" kwa binti, "Adili" kwa mwana wa kiume. Machozi peke yake si shairi. Vina na mizani humlazimu mtunzi kuchagua neno, kulipima, na pengine kulikataa. Na katika kazi hiyo majonzi hupata umbo ambalo mtu mwingine aweza kulipokea.

Basi tufuate hatua hizi:

1. Mtoto achague mwenyewe wa kumwandikia. Asilazimishwe kumtaja marehemu.

2. Aanze na kitu kimoja akijuacho: mzinga wa gome alioacha babu, au mwembe walioketi chini yake. Neno "huzuni" lingoje.

3. Mwalimu asahihishe lugha kwa upole, wala asiisome insha hiyo mbele ya wenzake pasipo idhini ya mtoto.

Zoezi: Andika aya moja juu ya mtu uliyempoteza, kisha ufute kila neno lisilo la lazima. Mwalimu asiyepata kufanya hivyo hajui uzito wa kazi anayompa mtoto.